Wufa Kisumu: ununue dukani ama onlaini?

Kama unatafuta wufa ama houm thieta na uko Kisumu, ama hata Kakamega, anza onlaini lakini usilipe kwanza. Ingia Jumia ama Kilimall, angalia modeli unayotaka, andika namba yake yote hadi herufi za mwisho (hizo ndizo hubadilisha bei) halafu piga skrinishoti. Sasa shuka Oginga Odinga Street na hiyo simu, zunguka maduka kadhaa kabla hujaitisha bei ya mwisho.

Ukiwa dukani usikubali kubebeshwa boksi imefungwa, iwashwe hapo hapo. Beba flashi yako na nyimbo unazozijua vizuri, mimi huweka benga, juu magitaa yanakimbia na besi inaongea kivyake, spika mbaya inachanganya zote mpaka husikii nani anapiga nini. Panda na sauti pole pole mpaka robo tatu, usikie kama inakwaruza, halafu simamisha wimbo usikilize kama kuna mvumo. Na ujue duka la tailsi linafanya besi isikike kubwa, nyumbani kwa makochi na mapazia itapungua.

Ile 10000W PMPO (wati za kutangazia tu, si za kweli) wameandika kwa boksi achana nayo kabisa. Geuza mashine, soma kile kibandiko cha nyuma karibu na waya ya stima, imeandikwa inakula wati ngapi. Ikiwa inakula 60W haiwezi kukupea 10000, wati za kuulizia ni RMS, zile spika inatoa kweli bila kukatika. Hapo pia soma volti. Stima yetu ni 240V, kwa hivyo mtumba wa Uingereza unaingia bila shida hadi plagi, lakini ya Marekani ni 120V na ya Japani 100V, ukiichomeka bila transfoma na haina swichi ya kubadilisha volti, imeungua.

Swali ambalo watu husahau ni la waranti. Uliza fundi yuko wapi, hapa Kisumu ama lazima ipelekwe Nairobi, na nauli ya basi analipa nani. Wufa ni nzito jamani, ukinunua onlaini ukaokoa kidogo halafu uilipie kwenda na kurudi, hujaokoa kitu. Ndio maana kitu kizito mimi nasema nunua dukani, risiti iandikwe serial namba ya mashine na muda wa waranti. Saundiba ndogo, hedfoni, waya za HDMI, ama modeli ambayo hapa mjini haipatikani, hizo agiza onlaini tu.

Ukiagiza, soma siku za kurudisha kabla ya kulipa, na mzigo ukifika ufungue huku mtu anakurekodi video. Lakini hawa wa Facebook wanaotaka utume M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi ndio wakutumie mzigo, kataa, mwambie utalipa ukishaiona na kuisikia. Usitegemee kurudishiwa kupitia 456, ile namba ya Safaricom ya kurudisha M-Pesa, mtu akishatoa hiyo pesa imeenda.

Bei ya dukani ikigoma kushuka, omba wakuongezee TV gadi, kile kifaa cha kukinga mashine stima ikiruka. Huku kwetu radi si mchezo, na hata ukiwa na gadi, mvua ikianza kunguruma chomoa plagi na waya ya antena pia. Boksi na zile stairofomu usitupe mpaka waranti iishe, maduka mengine hayapokei mashine bila boksi yake.