Kabla hujafunga silinda ya Blaster

Mtu akiniletea pikipiki ya magurudumu manne iliyonoki, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda, mara nyingi mkononi ana boksi la pistoni mpya na swali moja: itakuwa tayari saa ngapi? Mimi namwomba pistoni ya zamani. Wengi huwa wameshaitupa, na hapo kazi inakuwa ngumu bure, maana pistoni iliyokufa ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo ndani wakati wa ajali.

Nachukua mfano wa Yamaha Blaster, kwadi iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 2006, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Injini ni ya mipigo miwili, tu-stroki kama tunavyoiita gereji, silinda moja, cc 195, inapozwa na upepo. Kipenyo cha silinda ni milimita 66, mwendo wa pistoni milimita 57. Juu haina kemshafti wala vali za kuseti. Ukishatoa tangi, ekzosi na kabureta, zimebaki nati za hedi na za silinda tu. Wepesi huo umeponza wengi: asubuhi wanafungua, mchana wanafunga, jioni imenoki tena na pistoni ya pesa nyingi imekwisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kushika spana ni kujua iliyotangulia ilikufa kwa nini. Iweke pistoni kwenye mwanga uigeuze taratibu. Ikiwa na michubuko minne iliyopangana kama pembe za mraba, kulia na kushoto kwa tundu za pini, ilitanuka kuliko silinda: ama fundi wa mashine aliibana mno, ama dereva aliikimbiza kabla haijapata moto. Michubuko ikiwa upande wa ekzosi peke yake, fikiria joto: mchanganyiko wenye petroli kidogo au oili isiyofika. Upande wa kabureta ukiwa umelika na kuwa na mistari myembamba ya wima, hiyo ni kazi ya vumbi, kachunguze filta na mpira unaoishikilia. Na ukikuta kichwa cha pistoni kimetoboka katikati kama kimechomwa na gesi ya kuchomelea, usinunue chochote mpaka ujue hewa ya ziada inaingilia wapi, au jeti ya kabureta (kitundu cha kupimia petroli) iliyomo ni ya namba gani.

Hili la hewa nimelilipia mwenyewe. Blaster ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu ilikaa wiki moja. Silinda ilikuwa imechongwa vizuri, ringi mpya, kila kitu kinang'aa. Sikugusa oili sili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa kushoto, nyuma ya sumaku, kwa sababu haikuonekana na mimi nilikuwa na haraka. Ilikuwa imekauka ngumu kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Injini ya mipigo miwili hupitisha petroli na hewa chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya krenki, kabla havijapanda juu. Sili ikivujisha, injini inavuta hewa ambayo kabureta haina habari nayo, moto unazidi, pistoni inashika. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikichoka hadithi ni nyingine: inanyonya oili ya giaboksi, unaona moshi mweupe usiokwisha na oili inapungua bila kumwagika chini.

Tangu siku ile kipimo cha upepo nakitayarisha kabla ya kila kitu kingine. Ni pampu ya baiskeli, geji ya presha ndogo, na vizibo viwili vya mpira, kimoja cha mlango wa ekzosi na kingine cha mlango wa kabureta. Unajaza psi 6, si zaidi, halafu unatazama saa. Ikishikilia dakika 6 bila kushuka, injini ni nzima. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio uone povu linatokea wapi. Kama bado hujaifungua, pima kwanza. Ukishaifunga, pima tena kabla ya kuiwasha. Tayarisha pia pula ya kutolea sumaku, kwa sababu bila pula watu hugonga nyundo na kuipindisha shingo ya krenki.

Silinda ikiwa imetoka, shika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikiwa juu kabisa, ivute juu na uisukume chini. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida yake. Kucheza juu na chini, hata kama ni kwa kuhisi tu kidoleni, maana yake beringi ya chini imechoka na kufunga juu ni kupaka rangi nyumba yenye nyufa. Ikiwa pistoni ilivunjika vipande, chini lazima kufunguliwe. Wapo wanaomimina petroli na kuigeuza injini kichwa chini ili chembe zitoke. Zipo zitakazotoka, na zipo zitakazobaki zimejificha kwenye beringi.

Kwenye kuchonga silinda, kosa ninaloliona sana ni kupeleka silinda peke yake na kumwambia fundi wa mashine, "tia ovasaizi ya kwanza," yaani saizi ya kwanza iliyo kubwa kuliko ya kiwandani. Mpelekee na pistoni. Boksi linaweza kuandikwa 66.25, lakini kinachochongewa ni pistoni yenyewe, iliyopimwa kwa maikromita kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), kwa kukingamana na pini, na nafasi yake ni ile aliyoandika mtengenezaji wa pistoni hiyo. Silinda ikirudi, pitisha kidole kwenye kingo za madirisha yake, yale matundu ya kupitishia gesi. Zikiwa kali kama wembe mrudishie azivunje makali kidogo, la sivyo ringi zitakwanguliwa zikipita. Kisha ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe la kuhoni, lile la kusugulia silinda. Futa kwa kitambaa cheupe, osha tena, futa tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia, na papo hapo ipake oili ya tu-stroki kabla haijaanza kutu.

Ringi izamishe ndani ya silinda tupu kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Kanuni ya mafundi ni kama milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, kwa hiyo hapa tunatafuta karibu 0.26.

Vipuri vya Blaster haviko kwenye kila rafu ya Kariakoo, na ukiagiza nje unasubiri. Agiza seti nzima ya gasketi, beringi ndogo ya sindano ya juu ya konrodi, pini, na plagi mbili za NGK B8ES. Klipu za pini agiza tatu badala ya mbili. Ile ya tatu ni ya kulipia dhambi ya ile itakayoruka, na kama hujaziba mdomo wa krenki kwa kitambaa, najua itakapoangukia. Klipu iliyotumika hairudi.

Gasketi ya chini usiichukulie ni karatasi tu. Unene wake ndio unaoamua pistoni inakaribia hedi kiasi gani, kwa hiyo weka kando waya laini wa risasi wa mafundi redio, wa kupitisha kwenye tundu la plagi na kuuponda ili upime nafasi hiyo.

Oili nayo ina hesabu yake. Kama bomba la pampu ya oili lilitolewa, lina hewa, na hewa hailainishi kitu. Toa hewa hiyo, na tangi la kwanza lichanganye mwenyewe hata kama pampu ni nzima. Waliokwisha kuitoa pampu huchanganya 32 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 156 za oili, zilizopimwa kwa chombo. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, azima mapema kama huna, pamoja na kitabu cha injini chenye namba za kukazia. Tafuta sehemu isiyo na upepo. Chini ya mwembe pazuri kwa kupumzika, vumbi ni lingine. Chonga vipande viwili vya mbao vya kuegemeza sketi ya pistoni, na umwambie mtu mapema kuwa utamhitaji. Kwangu kijana ndiye anayeishusha silinda, wima, bila kuizungusha hata kidogo, maana ikizunguka ncha ya ringi hunasa dirishani. Mimi nabaki nimeibana ringi kwa kucha, kila ncha kwenye kipini chake, mshale wa pistoni ukitazama ekzosi.