Jinsi ya kutumia filamu kijijini kuongelea haki za wanawake (simamisha kabla mambo hayajaisha)

Wengi wakishapata projekta na spika wanaona kazi imeisha, wanaenda kijijini wanaweka filamu mwanzo mwisho, watu wanacheka, wanasikitika, alafu mgeni rasmi anauliza "tumejifunza nini?" na wote wanaitikia kama darasa la tatu, "tusiwanyanyase wanawakeee", mnafunga vyombo mnarudi zenu Mafinga. Hapo hamna somo. Filamu ni ya kuchokoza tu, somo lenyewe ni ule ubishi wa watu, na ubishi unaupata ukisimamisha filamu kabla mhusika hajaamua afanye nini.

Kuchagua filamu: achana na zile za vipigo tupu. Aliyepigwa jana unamuumiza upya, na vijana wa nyuma wanashangilia kama muvi ya karate. Mimi napenda Neria, ya Zimbabwe, 1993, hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Mume anakufa, kaka yake anaitwa Phineas anakuja kujibebea mali, mjane anabaki anashangaa. Huku kwetu hiyo haihitaji maelezo, mtu kapanda parachichi na mkewe Njombe au Rungwe, miti ikianza kuzaa na mume akafariki, ndugu ambao hata jembe hawakushika wanatokea. Shida ni kwamba ni ya Kiingereza, kwa iyo mtafute yule jamaa anayetafsiri muvi kibanda umiza, ila kaeni nae kwanza muiangalie pamoja maana hawa jamaa wanapenda kumtania mjane ili watu wacheke. Mwambie utani wote aupeleke kwa shemeji.

Ruhusa ni mtendaji wa kijiji na afisa maendeleo ya jamii, na kwa sababu filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu, muulize pia afisa utamaduni wa halmashauri. Usiruke hii.

Muda sasa. Raha ya sinema ni usiku uwanjani najua, lakini unamwita mama kumfundisha usalama wake alafu unamrudisha kwake saa nne usiku kwenye njia ya migomba peke yake?? Fanya mchana, jumamosi, darasani, ziba madirisha na turubai. Na kama ni msimu wa ulanzi anza mapema, wakishakunywa wanaume wanakuja kugombana sio kubishana.

Kusimamisha: shemeji anapoanza kubeba vitu, bonyeza pause. Usiulize "je ni haki?", wote watasema sio haki. Waulize wanaume, "we ndo ungekuwa shemeji, ungechukua nini pale?" Hapo utashangaa. Mmoja atasema pikipiki, mwingine shamba kwa sababu ni la ukoo, mzee mmoja atasema watoto ni wetu lazima tuwachukue, na kina mama wataanza kuguna kule upande wao, wewe nyamaza kabisa, waache. Ukiona wanawake hawaongei wagawe makundi mawili, kila kundi na msimamizi wa jinsia yake, alafu warudi pamoja.

Sheria ziingize humo humo kwenye ubishi, chache tu. Msimamizi wa mirathi sio mrithi, anakusanya na kugawa, na akiharibu anashtakiwa. Na akitokea wa kusema mke lazima arekebishwe kidogo, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kisome kama kilivyo, kisha play.

Mwisho wa filamu usiuonyeshe siku hiyo. Mjane anashinda mahakamani, watu wakishaona hivyo roho zinatulia wanaenda kulala. Waachie wabishane wiki nzima.

Alafu kuna hili watu wanalisahau: kila ukionyesha, kuna mtu atakuvizia wakati unakunja nyaya akwambie yake. Wewe sio polisi wala mshauri, uwe umeshaongea na Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi pamoja na ustawi wa jamii, namba unazo mfukoni, na ya watoto ni 116 bure. Kama ni ubakaji hospitali ni sasa hivi sio kesho, dawa ya kuzuia VVU lazima ianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio. Picha za kupeleka kwa wafadhili piga kabla hamjaanza, na kutokea nyuma ya watu. Wakati wa kuongea simu zote chini, usije ukakuta ushuhuda wa mtu uko status.

Hiyo wiki ikiisha, siku ya pili ya kuonyesha, njoo na msaidizi wa kisheria, mmalizie filamu, akae kona yake hata masaa mawili baada ya hapo. Na beba petroli ya ziada ya jenereta, umeme usiutegemee.