Pete ya mbele isibane duara jeusi

Wengi wanaoanza kulenga shabaha kwa karabini ya upepo huchagua pete ndogo ya mbele, ile ya kulengea iliyo kwenye ncha ya mtutu, wakidhani ikilibana duara jeusi la katikati ya shabaha watapiga vizuri zaidi. Hapana, ndugu zangu. Kwenye mita 10 duara hilo lina kipenyo cha milimita 30.5. Pete ikilikumbatia mno, jicho linashindwa kujua kama liko katikati, ukingo unaanza kuchezacheza, nawe unakawia kufyatua mpaka mkono unachoka. Acha weupe wa kutosha kuzunguka weusi. Mimi nilibadilisha pete mara mbili, kila mara kubwa zaidi, ndipo macho yakatulia.

Tundu la nyuma, lile lililo karibu na jicho, lifuate mwanga. Jua la Oktoba hapa Lubumbashi ni kali: ukiwa nje bana tundu kidogo, kingo zitaonekana wazi. Ukumbini, taa zikiwa hafifu, lifungue mpaka giza liondoke. Kwa hiyo nunua lile linalozungushwa kwa kidole, si la kipimo kimoja.

Na jicho la pili usilifumbe. Likinge kwa kikaratasi cheupe.