Mambo ya kuzingatia kabla ya kubandika alama ya hatari kwenye bidoni

Kabla hujaandika neno lolote kwenye bidoni la kimiminika kinachowaka, tafuta karatasi yake ya usalama, ile ambayo kwa Kifaransa wanaiita fiche de données de sécurité. Ina sehemu 16. Anza na sehemu ya 2, mtengenezaji anapotaja hatari. Kisha ya 3, vitu vilivyomo ndani. Kisha ya 9, vipimo. Muuzaji akisema karatasi haipo, mwambie ailete kabla hujalipa. Ukishalipa, hailetwi tena.

Hakikisha karatasi ni ya kitu kile kile kilichomo. Linganisha jina la bidhaa, kiwanda, na namba ya CAS, ile inayotambulisha kila kemikali dunia nzima. Asetoni ni 67-64-1, iwe imetengenezwa China au Afrika Kusini. Etanoli ni 64-17-5, methanoli ni 67-56-1, tolueni ni 108-88-3. Namba moja isipolingana, karatasi hiyo si ya bidoni hilo, hata kama muuzaji anaapa.

Sasa moto. Hapa Lubumbashi wengi wanapima kwa pua: kinachonuka sana ndicho kinachowaka sana. Acheni hayo. Kundi la hatari ya moto linatokana na namba mbili za sehemu ya 9. Ya kwanza ni joto la mmweko, lililoandikwa point éclair: ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka ukisogezewa moto. Ya pili ni joto la kuanza kuchemka. Mmweko ukiwa chini ya nyuzi 23 na kuchemka kukianzia nyuzi 35 au chini yake, hilo ni kundi la 1. Mmweko chini ya 23 lakini kuchemka juu ya 35, kundi la 2. Mmweko kuanzia 23 hadi 60, kundi la 3. Juu ya 60 hadi 93, kundi la 4. Makundi mawili ya kwanza yanabeba neno «Danger», mawili ya mwisho «Attention». Kundi la 4 halichorewi mwali wa moto kabisa, kwa hiyo usimwambie kijana wa depo kwamba bidoni lisilo na mwali haliwaki.

Kwa mifano: esansi, mafuta ya gari, ina mmweko karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka karibu na nyuzi 30 hivi, ndiyo maana karatasi nyingi huiweka kundi la 1. Mmweko wa asetoni uko chini ya sifuri, nayo huchemka kwenye 56: kundi la 2. Tolueni, mmweko 4, iko pamoja nayo. Etanoli safi ni 13. Ukiichanganya na maji hadi asilimia 70, kama dawa ya kusafisha mikono, bado inabaki chini ya 23. Maji hayo hayakuitoa kundi la 2. Zaileni ya rangi iko karibu na 25 hadi 27, kundi la 3. Mafuta ya taa ni 38 kwenda juu, mazutu (dizeli) kwa kawaida 55 kwenda juu, na yote yanaingia la 3. Vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa vinavyotumika kuchuja shaba migodini huchaguliwa vyenye mmweko unaopita 70, kwa hiyo vinaangukia la 4.

Soma pia kipimo kilifanywa kwa kifaa gani. Kinachokubalika ni kikombe kilichofunikwa, vase clos. Kikombe cha wazi, vase ouvert, huachia mvuke utoroke, kwa hiyo hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Namba 27 ya kikombe cha wazi inaweza kuwa chini ya 23 ikipimwa kwenye kikombe kilichofunikwa, na bidoni likahama kundi.

Halafu kumbuka mahali ulipo. Namba za karatasi zimesawazishwa kwa usawa wa bahari. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 na zaidi, na hewa ya hapa inakandamiza kidogo kuliko ya pwani, hivyo mvuke hutoka kwa urahisi zaidi. Kwa hesabu ya kawaida ya maabara, mmweko unashuka nyuzi 3 hivi. Mafuta ya taa yaliyoandikwa 38 hapa yanakuwa tayari kwenye 35. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, chini ya bati la depo lisilo na dari, joto hilo linafikiwa na kupitwa. Zaileni ndiyo usiseme: mchana wote iko juu ya mmweko wake. Kundi halibadiliki kwa sababu ya msimu, lebo inabaki la 3, lakini namna ya kuliweka bidoni lazima ibadilike. Kuanzia mwezi wa tisa, kundi la 3 lihudumie kama la 2: mbali na mashine ya kuchomelea, mbali na jenereta, milango ya hewa chini na juu. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4, wa tolueni mara 3. Unatambaa sakafuni kama maji, unaingia mferejini, unakutana na mbabula (jiko la makaa) ya jirani, kisha moto unarudi ulikotoka.

Tuje kwenye jambo linalounguza watu wengi kuliko yote, nalo ni neno moja: petroli.

Kwetu Kongo, petroli ni mafuta ya taa. Tumelipokea kutoka Kifaransa, na mama wa Katuba hapa mjini akimtuma mtoto petroli, anataka ya taa na ya jiko. Ya gari kwetu ni esansi. Lakini dereva wa lori aliyepakia Dar es Salaam anazungumza Kiswahili kizuri kuliko chetu, na kwake petroli ni esansi. Ya taa anaiita mafuta ya taa. Vuka Kasumbalesa uingie Zambia, bidoni la plastiki la lita 20 limeandikwa kwa wino «petrol», Kiingereza, na hiyo pia ni esansi. Neno moja, vimiminika viwili, na kati yao kuna karibu nyuzi 80 za mmweko.

Ona namna kosa linavyotembea. Bidoni linavuka mpaka likiwa na neno sahihi kwa lugha ya lilikotoka. Mtu wa pili analinunua jioni, hana mwanga mzuri, anasoma neno kwa lugha ya kwake. Hadanganyi mtu. Bei inampendeza, anamimina kwenye pipa lake ambalo tayari lina mafuta ya taa, kwa kuwa kwake ni kitu kile kile. Mtu wa tatu anapima kwa chupa, anauza rejareja kwenye mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo. Mpaka hapo hakuna aliyeona rangi ikigeuka wala kitu kuungua. Mchanganyiko unanuka kama mafuta ya taa, unashika utambi kama mafuta ya taa.

Na mchanganyiko huo, ukiwa ndani ya taa, ni mbaya kuliko esansi tupu. Wengi hawaliamini, kwa hiyo fuatana nami. Mvuke wa esansi unawaka pale tu unapokuwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Pungufu ya hapo ni mwepesi mno, zidi ya hapo ni mzito mno, hauna hewa ya kuuchoma. Ndani ya tangi la taa lenye mafuta ya taa safi, kwenye joto la chumba, mvuke uko chini ya kiwango: mwali ukishuka kwenye utambi, unakufa. Ndani ya tangi lililofungwa lenye esansi tupu, mara nyingi mvuke umezidi. Lakini mafuta ya taa yenye asilimia chache za esansi yanaweka mvuke katikati kabisa, pale pale unapowaka vizuri. Taa inawashwa, inakaa dakika kadhaa, tangi linapata joto, mwali unapita pembeni ya utambi, na tangi linapasuka likiwa mezani, katikati ya watoto wanaosoma.

Kwa hiyo kwenye lebo usiandike «petroli» peke yake. Kamwe. Andika «mafuta ya taa, UN 1223» au «esansi, UN 1203». Mazutu ni UN 1202. Namba hizo ni zile zile kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili cha kila upande, na ndizo ziko kwenye kibao cha rangi ya machungwa nyuma ya malori: juu 33 kwa kinachowaka haraka sana, au 30 kwa kinachowaka, chini namba ya bidhaa. Mpokeaji asome kibao cha lori kabla ya kusikiliza mdomo wa dereva. Kibao kikiandikwa 33 na 1203, hilo si lori la mafuta ya taa, mazungumzo yameisha.

Kuna wanaopima kwa tone juu ya karatasi: esansi inakauka upesi, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Ni kweli kwa esansi tupu. Kwa mchanganyiko wa asilimia chache haionyeshi chochote, doa linabaki vile vile. Pipa lililochanganyika halitengenezwi kwa kuongeza mafuta ya taa safi. Unazidisha tu idadi ya nyumba zitakazopokea. Litenge, liandike kundi la 1, lisiuzwe kwa taa wala jiko.

Hesabu ya mchanganyiko usiifanye kwa wastani. Mmweko hauko katikati ya vimiminika viwili. Chepesi kinauvuta wote chini. Diluanti ya rangi yenye tolueni, asetoni na vingine ipimwe yenyewe, au ipewe kundi la kile kinachowaka haraka kuliko vyote.

Ukimaliza moto, anza upya kwa afya. Ni hesabu nyingine kabisa, na hapa ndipo wavivu wanakamatwa. Chukua etanoli na methanoli. Mmweko 13 na 11, kundi moja la moto, zote hazina rangi, zote zinaitwa alkoli. Ukiziainisha kwa moto tu, ni mapacha. Lakini methanoli ni sumu ikinywewa, ikipenya ngozi, na ikivutwa puani. Ina fuvu la kichwa kwenye lebo na msimbo wa hatari H370, kwa sababu inaharibu mshipa wa macho. Aliyekunywa anaweza kujiona mzima kwa saa kadhaa, kisha macho yanaingia ukungu. Hapelekwi kulala, anapelekwa hospitali usiku huo huo, na lebo inaenda naye.

Au asetoni na tolueni, zote kundi la 2 la moto. Asetoni inawasha macho na kuleta usingizi: H319, H336. Tolueni inaongeza kuwasha ngozi, kudhuru viungo kwa kuvutwa muda mrefu, na kushukiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni, H361d. Fundi wa rangi mwenye mimba hana kazi karibu na diluanti ya tolueni, na asiambiwe avae kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi. Kwa wengine inatakiwa barakoa yenye kichujio cha kaboni cha kuzuia mvuke, na dirisha wazi.

Esansi ina benzini ndani, na benzini inasababisha saratani ya damu. Kiwango cha kuandika H350 ni asilimia 0.1 tu, yaani sehemu moja katika elfu. Kwa hiyo usinawe mikono kwa esansi baada ya kutengeneza pikipiki. Tumia sabuni.

Msimbo unaorukwa sana ni H304: kimiminika huweza kuua kikimezwa na kuingia mapafuni. Wanaupata vimiminika vyepesi vya jamii ya mafuta, vyenye unato (uzito wa kutiririka) usiozidi 20.5 mm² kwa sekunde kwenye nyuzi 40. Esansi, mafuta ya taa, mazutu mengi na tolueni vyote vimo. Maana yake kwa Lubumbashi ni hii: usivute esansi kwa mdomo na mpira. Tone linaloteleza kwenye pafu linaleta homa ya mapafu ya kemikali. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya mawese. Kutapika kunayapitisha tena karibu na koo la hewa. Pampu ya mkono haina bei ya kumshinda mwenye duka.

Alama zote zinazostahili zibandikwe, si mwali peke yake: pembe nne nyekundu, ndani nyeupe, zisomeke kutoka hatua tatu. Lebo ikilowa, ibadilishwe siku hiyo. Chupa ya maji ya kunywa au ya soda isitumike kwa kimiminika chochote cha humu, hata kwa dakika tano, hata kama umeandika. Ukimimina pipa la chuma kwenda ndoo ya chuma, ziunganishe kwa waya kwanza, zipitishiane umeme wa msuguano bila cheche. Simu ibaki nje. Mchanga mkavu na kizimamoto cha unga viwe mlangoni, si nyuma ya depo. Esansi inayowaka haimwagiwi maji, inaelea juu yake na kuenea.

Bidoni lisilo na karatasi, lisilo na namba, ambalo aliyelileta hajulikani, liandikwe kundi la 1 na alama ya fuvu, likae peke yake nje ya nyumba kwenye kivuli, hadi mtu alete jibu la maabara.