Kuzunguka Uganda na Nyimbo za Franco: Mwongozo kwa Bendi ya Kuenzi

Bendi ya kuenzi hubeba ahadi moja tu, nayo ni kwamba mtu aliyelipa kiingilio Arua katika usiku wa nne wa ziara atausikia wimbo ukiwa mzima kama alivyousikia mwenzake wa Kampala katika usiku wa kwanza. Ahadi hiyo ni nyepesi kuitamka na ni nzito kuitimiza, kwa sababu barabara humla mpigaji kidogo kidogo: leo usingizi, kesho sauti, keshokutwa uvumilivu. Nimepiga gitaa la ridhimu katika bendi inayoenzi nyimbo za Franco Luambo Makiadi, mpiga gitaa na mwimbaji wa Kongo, na OK Jazz, bendi yake, na haya ninayoyaeleza ndiyo ninayowaambia vijana wanaojiunga nasi kabla hawajapanda gari.

Anzeni na nyimbo, wala msipange tarehe hata moja kabla hazijaiva. OK Jazz ilianzishwa mwaka 1956 katika jiji ambalo leo ni Kinshasa, ikadumu na Franco hadi kifo chake tarehe 12 Oktoba 1989, kwa hiyo hazina yake ni kubwa kupita uwezo wa bendi yoyote, na ni afadhali kuzijua nyimbo 20 kwa undani kuliko kuzigusa 60. Kila mpigaji apewe sehemu yake na aisikilize peke yake mpaka aweze kuimba kwa mdomo kile ambacho mkono wake utapiga. Mpigaji wa solo asome kwa makini mkono wa kulia wa Franco, aliyekwanyua nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja. Ukitumia kikwanyulio utazipata noti zilezile lakini hutaipata sauti yake. Gitaa la kati, lile linalosimama baina ya solo na ridhimu, ndilo bendi nyingi huliacha ili kupunguza malipo ya mtu mmoja. Msiliache, kwa maana sebene, ile sehemu ya wimbo ambayo magitaa hutawala na watu hucheza, ikikosa gitaa hilo hugeuka kelele ya watu wawili wanaofukuzana.

Lugha nayo ina wenyewe. Hapa Uganda mnaweza kumdanganya msikilizaji wa Jinja kwa Kilingala cha kubahatisha, lakini Arua na Kasese ziko jirani na mpaka wa Kongo, na huko mzee aliyeketi meza ya mbele huimba kila neno pamoja nanyi. Kampala ina Wakongomani wengi; mtafuteni mmoja, mlipeni vizuri, na mwimbaji akae naye mpaka aelewe maana ya kila ubeti na si matamshi peke yake. «Mario» ya mwaka 1985 humzungumzia kijana msomi anayeishi kwa mgongo wa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na mwimbaji asiyeyajua hayo huuimba kama wimbo wa mapenzi.

Kuhusu mpangilio, nina msimamo ambao wenzangu wameuzoea. Fungueni na nyimbo fupi za miaka ya mwanzo, ili fundi mitambo apate nafasi ya kurekebisha sauti bila kuharibu wimbo mkubwa. Wekeni «Mabele» ya mwaka 1974, utunzi wa Simaro Lutumba ulioimbwa na Sam Mangwana, wakati watu wameshakula na wametulia, kwa sababu ni wimbo wa kufikiri, na mimi binafsi sijapata kuupiga bila koo kunikaza. «Mamou» ya mwaka 1984 inahitaji waimbaji wawili wanaojibizana kwa kweli, basi wapeni vipaza sauti viwili wasimame wakitazamana.

Wimbo unaotaka uangalifu kuliko zote ni «Attention na Sida», yaani jihadharini na Ukimwi, wa mwaka 1987. Katika nchi hii hakuna ukumbi usio na mtu aliyezika ndugu kwa ugonjwa ule, na sisi tuna msanii wetu, Philly Lutaaya, aliyejitokeza hadharani kusema kwamba anaishi na virusi, akafariki tarehe 15 Desemba 1989, miezi miwili tu baada ya Franco. Kwa hiyo tunaupiga katikati ya onyesho, tumeufupisha, wachezaji wakiwa wamesimama kimya pembeni, na baada yake tunanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Msiutumie kamwe kuamsha watu wacheze.

Njia ipangwe kama mduara, si kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi kila siku. Mzunguko wa magharibi ni Masaka, Mbarara, Kabale, kisha Kasese na Fort Portal ndipo mrejee Kampala. Wa kaskazini ni Gulu na Arua. Kampala hadi Arua ni zaidi ya kilomita 450, na kundi likishuka kutoka safari hiyo na kupanda jukwaani jioni ileile, mtawasikia waimbaji wakishusha ufunguo bila kukubaliana. Laleni Gulu, pigeni Gulu, ndipo mwendelee. Mkikaribia daraja la Karuma fungeni madirisha, maana nyani wa pale huingiza mkono garini bila kubisha hodi. Miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba ni ya mvua, basi onyesho la uwanjani lisipangwe bila turubai la kufunika vyombo.

Kabale inastahili maelezo yake yenyewe. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kali. Nyuzi za gitaa zikipoa hukaza na sauti yake hupanda, ilhali saksafoni na tarumbeta zikipoa sauti yake hushuka, kwa hiyo bendi iliyokubaliana vizuri mchana hupasuka pande mbili saa tatu usiku. Toeni vyombo kwenye mifuko nusu saa kabla ya onyesho vizoee hewa, wapuliza ala wapashe ala zao moto kwa pumzi hata wanapokuwa wanasubiri zamu, na baada ya kila nyimbo tatu mtune upya bila kuona haya.

Umeme ukikatika jenereta huchukua nafasi, na jenereta mbovu huua amplifaya. Kidhibiti umeme ni mali ya bendi, si ya ukumbi. Masikio pia yalindwe. Sauti ya desibeli 100 inaanza kudhuru baada ya robo saa hivi, na «Mario» peke yake hupita dakika 10, kwa hiyo mpiga drams na wanaosimama karibu naye wavae vizibo. Mwimbaji anywe maji mchana kutwa na asipige kelele garini, chandarua kisisahaulike.

Fedha zielezwe kwa maandishi. Chukueni arbuni ya nusu kabla gari halijaondoka na nusu iliyobaki kabla ya wimbo wa kwanza, kwa maana promota mmoja wa magharibi aliwahi kutoweka sisi tukiwa katikati ya sebene, tukalala ndani ya kosta. Ulizeni pia kama ukumbi una leseni ya UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi. Tunakula kwa jasho la watu waliotunga, na mirabaha hiyo ndiyo njia ya kuwafikishia haki yao.

Jambo la mwisho ni kumwomba mwenye ukumbi robo saa ya ziada, na ombi hilo liandikwe kwenye mkataba. «Mario» ikimalizika, mzee wa meza ya mbele atanyanyuka na kuomba irudiwe kuanzia sebene, na gitaa la kati ndilo litakaloanza.