Stika ya kijani ya Ujerumani: subiri namba kwanza

Umenunua gari Ubelgiji na unataka kwenda nalo Köln? Usiagize mapema Umweltplakette, yaani ile stika ya kijani inayoruhusu gari kuingia maeneo ya mji yenye masharti ya moshi. Ubelgiji namba humfuata mtu, si gari, na stika huandikwa namba hiyo kwa wino. Zisipolingana ni kama huna, na faini ni euro 100. Ukishafunga namba yako, pita kituo cha ukaguzi wa magari cha TÜV au DEKRA huko Ujerumani kabla hujaingia mjini, na kadi ya gari mkononi. Wanasoma kipengele V.9 cha kadi, kinachoonyesha kiwango cha moshi cha gari, wanaandika, unabandika ndani ya kioo cha mbele, chini kulia. Papo hapo, wala huhitaji wale madalali wa mtandaoni wenye bei za ajabu. Ila Jumapili wamefunga, na gari la dizeli la kiwango cha moshi cha Euro 3 lisilo na chujio la masizi halipati stika ya kijani.