Kutengeneza mtaa wa Gedi wa miaka ya 1400 kwa Blender

Kuna kijana nilikuwa namsaidia kuchora mtaa wa kale, na kila mafunzo aliyoyakuta mtandaoni yalimpeleka Ulaya: nyumba za mbao zilizoinamiana, mapaa ya mgongo, matope njiani. Si vibaya, lakini pwani yetu nayo ilikuwa na miji ya mawe karne hizohizo. Tuchukue Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1450 hivi. Pale kuna kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, kwa hiyo hatukisii tu kwamba mji ulikuwepo.

Tumia Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, na injini yake ya Cycles, inayorenda, yaani inayokokotoa mwanga na kutoa picha. Eevee, injini yake nyingine, ni ya haraka, ila kwenye kichochoro chembamba cha chokaa itakudanganya, na sababu utaiona kwenye hatua ya nne.

1. Vipimo

Weka mita. Kisha anza na boriti, usianze na ukuta. Dari bapa la nyumba ya mawe linabebwa na miti ya mikoko, na juu yake kuna sakafu nzito ya mawe na chokaa. Boriti ikizidi mita 3 hivi inaanza kupinda. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukimpa mwenye nyumba sebule ya mita 6 kwa 6, umeshatoka Gedi.

Ukuta unene wa nusu mita, kimo mita 3.5, ghorofa moja. Kichochoro mita 2. Upande wa njia usijaze madirisha, nyumba hizi zinatazama uani.

2. Kuta na milango

Inua kuta, toboa milango yenye tao la ncha juu, zungushia fremu ya mraba iliyoingia ndani kidogo. Lainisha kingo kwa Bevel (zana ya kukata ukali wa kona), kisha zipindishe kwa mkono hapa na pale. Fundi wa chokaa hakuwa na rula ya chuma.

3. Chokaa na vitu vya kuweka

Gedi unayoipiga picha leo ni magofu, yana kuvu jeusi na mizizi. Mwaka 1450 watu walikuwa wanaishi humo na kupaka kuta zao. Kwa hiyo tekscha (picha za kuvika kuta) za magofu weka kando. Chukua lipu ya kawaida kutoka tovuti ya Poly Haven (ni bure), ifanye nyeupe yenye ujoto kidogo, halafu chafua sehemu mbili tu: chini, pale mvua inaporusha udongo mwekundu hadi kimo cha goti, na pembeni mwa milango, pale mabega na mikono inapopita kila siku. Bandua lipu kidogo kwenye kona moja, mawe ya matumbawe yaonekane. Kona moja inatosha.

Milango yenye misumari ya shaba ya Unguja usiilete, ni ya karne za baadaye kabisa. Mahindi, muhogo, papai, nanasi, mkorosho, bogenvilia: vyote asili yake ni Amerika, havikuwa vimefika. Weka minazi, migomba, mitungi, mikeka ya ukili, na bakuli moja la seledoni ya China (kauri ya kijani iliyopauka), maana vyombo vya China vimefukuliwa palepale.

4. Mwanga

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, basi tukae.

Washa kiendelezi cha Sun Position. Latitudo -3.3 (usisahau alama ya kutoa, bila hiyo umehamia kaskazini ya ikweta), longitudo 40, saa za UTC +3. Programu inahesabu saa kizungu, kwa hiyo saa tatu asubuhi andika 9.

Mazoea ya mafunzo ya Ulaya ni jua la pembeni, la dhahabu, mchana kutwa. Kwetu jua linapanda wima. Kichochoro kikienda kaskazini na kusini, kwa vipimo vyetu jua haligusi ardhi mpaka lifike nyuzi 60, na mwezi Machi hiyo ni kama saa nne na nusu. Kabla ya hapo unapata ukuta mmoja unaong'aa juu na kivuli chote chini. Kikienda mashariki na magharibi, mwezi Juni ni ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopigwa jua, Desemba ni ule wa pili. Chagua mwelekeo kwanza, ndipo uchague saa.

Sasa, anga ya Blender ina jua lake, na taa ya Sun ni jua jingine. Ukiacha yote mawili mwanga unakuwa maradufu, na yakipishana mwelekeo kidogo tu utaona kila boriti ina vivuli viwili. Zima duara la jua kwenye anga, baki na taa. Kipenyo chake kiwe nyuzi 0.53; usikiongeze eti kulainisha vivuli, jua la saa sita halina kivuli laini.

Halafu giza. Mwanga unaofika chini ya kichochoro umeshagonga kuta mara nyingi (hapa ndipo Eevee inapodanganya), na Cycles ya kawaida inauruhusu kugonga nyuso zisizong'aa, yaani Diffuse, mara 4 tu. Panda hadi mara 8 au 10, na jumla ya kugonga kwa aina zote iwe 16. Usitie taa ya siri mle ndani: itafuta ule wekundu wa udongo unaopanda miguuni mwa kuta, na huo ndio unaomfanya mtu aamini picha. Chokaa nayo isizidi 0.75 ya weupe, kwa 0.95 kivuli kinaisha chote. Ukiona vidoa vinavyometa, punguza Clamp ya Indirect (kikomo cha ukali wa mwanga ulioshagonga kuta) taratibu tu. Ukiishusha hadi 1 unapoteza mwanga uleule uliotoka kuutafuta.

5. Kamera

Kimo mita 1.6, lenzi ya milimita 35. Isiinamishwe.

6. Kurenda

Mpangilio wa rangi uwe AgX, kizingiti cha kelele (chembechembe kwenye picha) 0.01, kisafisha kelele kiwe kimewashwa. Hifadhi kwa EXR, aina ya faili inayotunza mwanga wote, siyo PNG, ili anga ikiwa imeungua kwa weupe uweze kuishusha mwanga bila kurenda upya usiku mzima.